Pengo, Mwanya na Jino la Sita: Jinsi Meno Yanavyomtambulisha Marehemu Asiyejulikana

Ukishuka kutoka Lushoto, baada ya kilomita 33 za kona na maporomoko ya Soni, unatokea Mombo na barabara kuu inakupa pande mbili. Kushoto ni Korogwe, kisha Tanga au Dar es Salaam. Kulia ni Mkomazi, Hedaru, Same na Moshi. Upande huo wa kulia, jioni ya tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na basi dogo yaligongana yakateketea kwa moto. Taarifa ya Ikulu ilitaja vifo 38, idadi iliyokuja kuongezeka baadaye. Lakini kwa familia zilizokuwa zikingoja simu, habari nzito ilikuwa ile iliyofuata: miili 36 ilikuwa imeungua hata haitambuliki.

Taarifa ile inatuhusu sana sisi wa milima ya Usambara, maana sisi ni watu wa safari. Kijana wa Mlalo anauza nguo Kariakoo, binti wa Bumbuli anafanya kazi za ndani Tanga, na Fuso la kabichi na karoti linaondoka Soni usiku likiwa na watu wawili watatu juu ya mzigo, watu ambao hawamo kwenye orodha yoyote ya abiria. Likitumbukia bondeni, hakuna tiketi itakayosema ni akina nani. Sura ikiharibika, nguo zikiungua, kitambulisho kikiyeyuka mfukoni, kinachobaki mara nyingi ni meno.

Makala hii inaeleza meno hayo yanasomwaje, na familia ifanye nini leo ili siku ya haja wataalamu wawe na cha kulinganisha. Hilo la pili ndilo linalotukwamisha. Meno ya marehemu hayana jina. Jina hutoka kwenye kumbukumbu iliyoandikwa alipokuwa hai, na kumbukumbu hiyo wengi wetu hatuna.

Kinachobaki

Tabaka la nje la jino, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Aliyesoma historia shuleni anamkumbuka Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi, na magego yake mapana bado yamekaa kwenye safu yake. Ikiwa jino limeshinda muda huo, miezi michache msituni Shagayu si kitu kwake.

Kwenye moto, midomo na mashavu huyakinga magego kwa muda, huku meno ya mbele yakiathirika kwanza. Jino lililoungua linaweza kuonekana zima kabisa, kumbe ndani limekuwa kama chaki, ukiligusa linapukutika. Ndiyo maana wataalamu hulipiga picha palepale kabla mwili haujasogezwa, na wakati mwingine huliimarisha kwa gundi nyepesi. Na ndiyo maana msamaria mwema anayeufungua mdomo wa marehemu aliyeungua, kwa nia njema ya kuangalia kama ni jirani yake, anaweza kuufuta ushahidi wote kwa sekunde moja.

Porini hali ni nyingine. Meno ya mbele yana mzizi mmoja mmoja, kwa hiyo nyama ikishaisha hudondoka kama punje za mahindi makavu. Magego makubwa yana mizizi miwili au mitatu, hubaki yameng'ang'ania taya. Ukikuta fuvu lina magego lakini halina meno ya mbele, usidhani mtu yule alikuwa kibogoyo wa mbele. Hapo mtaalamu huangalia shimo la jino. Kama kingo za shimo ni kali na ndani ni tupu, jino lilidondoka baada ya kifo, na pengine liko chini ya majani hatua mbili kutoka pale; udongo unapaswa kuchekechwa. Kama mfupa umejifunika na kuwa laini, jino lilitoka mtu akiwa hai na kidonda kikapona. Tofauti hiyo ndogo, inayoonekana kwa macho matupu na kuguswa kwa kidole chenye glavu, imewahi kuwapoteza hata madaktari waliokuwa na haraka.

Njia tatu, na sura haimo

Polisi wa kimataifa, INTERPOL, wana mwongozo wa kutambua wahanga wa maafa uliotoka mara ya kwanza mwaka 1984. Mwongozo huo unatambua njia kuu tatu tu: alama za vidole, meno na vinasaba. Nguo, pochi, simu, pete, kovu, hata uso wenyewe, huhesabiwa kuwa vitu vya kusaidia.

Wengi hushangaa kusikia uso haumo. "Mimi nisimjue mwanangu?" Lakini mwili hubadilika haraka: huvimba, rangi hugeuka, mdomo hukaa vibaya. Na ndugu aliyesimama mochwari huku miguu ikimlegea huona kile anachokiogopa, au kile anachokitamani. Akikosea, familia mbili zimedhulumiwa kwa mpigo: moja imezika asiye wake, nyingine itamtafuta wake maisha yote.

Kila njia kati ya zile tatu ina udhaifu wake. Alama za vidole ni za haraka, na Mtanzania aliyeandikishwa NIDA kwa kitambulisho cha taifa vidole vyake vimeshachukuliwa. Ila moto na maji hula ngozi, na watoto hawamo. Vinasaba ni vya uhakika na jino lenyewe ni ghala zuri la kuvihifadhi, kwa kuwa kiini chake kimefungiwa ndani kama kokwa. Lakini vipimo vyake huchukua siku nyingi. Meno, kukiwa na kumbukumbu, hulinganishwa siku ileile. Kwa jamii kama ya Lushoto, ambako Waislamu ni wengi na maziko yanatakiwa yasicheleweshwe, hiyo si faida ndogo.

Chukua kioo

Ili uelewe daktari anafanya nini, chukua kioo usimame penye mwanga, ufungue mdomo. Gawanya mdomo wako sehemu nne kwa msalaba. Juu kulia kwako ni robo ya 1, juu kushoto ni ya 2, chini kushoto ni ya 3, chini kulia ni ya 4. Kulia ni kulia kwa mwenye mdomo, si kwa anayetazama; kwenye kioo kulia kwako hubaki kulia, kwa hiyo hutapotea. Sasa hesabu kutoka katikati kwenda nyuma: mawili ya mbele, chonge ni la 3, magego madogo mawili ni la 4 na la 5, magego makubwa ni la 6, la 7 na la 8. Mtu mzima aliyetimia ana meno 32.

Unganisha namba mbili, ya robo kwanza kisha ya jino, utapata jina la kila jino duniani. Meno mawili ya mbele juu ni 11 na 21, na mwanya wenye kusifiwa, ule unaomfanya binti aitwe mzuri kabla hata hajacheka, uko kati yake. Jino la 46 ni lile la sita, chini kulia, gego kubwa la kwanza. Gego hilo huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, wazazi wakidhani bado ni la utotoni, kwa hiyo huharibika mapema na kung'olewa mapema. Pitisha ulimi wako pale. Ukikuta pengo, hauko peke yako.

Meno ya utotoni ni 20, nayo yana robo zake, ya 5 hadi ya 8. Kwa mtoto, kazi huwa rahisi zaidi kwa upande mmoja: umri wake unasomeka mdomoni. Zamani shuleni tulipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa hadi ushike sikio la upande wa pili. Ukishika, umri wa kuanza darasa la kwanza umefika. Meno ni kipimo kilekile, ila makini zaidi. Gego la kwanza miaka 6, la pili miaka 12, la mwisho kuanzia 17 na kuendelea, na katikati ya hapo picha ya eksirei huonyesha mzizi umefikia wapi kukua. Kwa mtoto makadirio hutofautiana na ukweli kwa mwaka mmoja au miwili. Baada ya miaka 25, meno husema umri kwa kubahatisha zaidi, wala usimwamini anayetaja mwaka kamili.

Ulinganisho wenyewe hutumia fomu mbili. Ya njano hujazwa habari za mtu aliyepotea, kutoka kwa familia na kwa daktari wake. Ya waridi hujazwa kile kinachoonekana kwa marehemu. Anayejaza moja hatakiwi kuitazama nyingine, ili jicho lake lisitafute kinachotakiwa. Kisha zinawekwa pamoja, jino kwa jino.

Kuna kanuni moja ya ulinganisho huo ambayo mtu yeyote anaweza kuishika. Jino la mtu mzima lililong'olewa halirudi. Tuseme kumbukumbu ya aliyepotea inasema jino la 46 liling'olewa mwaka 2019, na marehemu ana 46 lililokaa imara. Kazi imekwisha, si yeye, hata kama shati ni lake. Ukigeuza, kumbukumbu inasema mwaka 2019 jino lilikuwapo, na marehemu ana pengo lililopona, hapo hakuna ugomvi: angeweza kulitoa mwaka 2022. Tofauti inayoelezeka huvumiliwa. Isiyoelezeka huvunja kila kitu. Mwisho wa yote jibu huwa moja kati ya manne: ni yeye, huenda ni yeye, ushahidi hautoshi, si yeye.

Watu huuliza ni alama ngapi zinatosha. Hakuna idadi maalumu. Mapengo mawili ya magego ya sita hayatoshi, maana nusu ya kijiji inayo. Lakini kofia moja ya jino yenye umbo la pekee, au mzizi mmoja uliopinda unaofanana kabisa kwenye picha mbili za eksirei, unaweza kutosha peke yake.

Midomo yetu ikoje

Vitabu vingi vya taaluma hii viliandikwa kwa midomo ya Ulaya na Marekani, iliyojaa meno yaliyozibwa. Kila jino lililozibwa lina umbo lake, kama muhuri. Kwetu mtu huenda hospitali jino likishamkosesha usingizi siku tatu, na matibabu yake ni kung'oa. Kwa hiyo kwetu kinachosomwa zaidi ni mapengo, na mpangilio wa asili wa meno: lililopanda juu ya lingine, lililogeuka, lililovunjika pembe kwa kufungulia soda, mwanya.

Kuna alama nyingine za hapa kwetu ambazo daktari aliyesomea mbali anaweza kuzisoma vibaya. Wapo watu waliotolewa vichipukizi vya chonge wangali watoto wachanga, kwa imani ya kwamba ni "meno ya nailoni" yanayoleta homa na kuhara. Imani hiyo ni ya uongo na ni hatari; lakini humwacha mtu na chonge lisiloota au lililoota kombo, na hilo laonekana hata uzeeni. Kwenye tambarare chini ya milima, kuanzia Mombo kwenda Mkomazi, tunaishi na Wamaasai, na kwa mila yao wengi walitolewa meno mawili ya mbele chini. Waliokulia Arusha na Meru kwenye maji yenye floraidi nyingi huwa na meno yenye madoa ya kahawia.

Alama hizo huonyesha njia, hazionyeshi mtu. Meno ya kahawia hayasemi marehemu ni nani. Yanasema tu alikokulia maji yalikuwaje, na watu huhama. Anayeanza kwa kusema "huyu Mmaasai" kwa kuona pengo la mbele anaweza kuwa anamtazama Msambaa aliyeanguka na pikipiki.

Mwaka 1898

Mwaka huo una mambo mawili ninayopenda kuyaweka pamoja. Paris, daktari wa meno kutoka Kuba, Oscar Amoëdo, alichapisha kitabu kilichoiweka taaluma hii kwenye msingi wake. Kilitokana na moto wa soko la hisani la Bazar de la Charité, tarehe 4 Mei 1897, uliowaua watu 126. Mwakilishi wa Paraguay mjini humo ndiye aliyetoa wazo: waitwe madaktari wa meno wa marehemu, na waje na madaftari yao. Mke wa Duke wa Alençon alitambuliwa kwa njia hiyo.

Julai mwaka huohuo 1898, nyikani huko Iringa, Mtwa (chifu) Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe, na Wajerumani wakaondoka na kichwa chake. Ofisa aliyeongoza msako, Tom von Prince, baadaye alikuja huku kwetu akawa na shamba Sakarani, jirani na Soni, hadi alipouawa vitani Tanga Novemba 1914. Fuvu lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini lilifika Kalenga mwaka 1954. Gavana Edward Twining alilichagua kati ya mafuvu ya jumba la makumbusho la Bremen, kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wake na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Kipimo cha namna hiyo hakimtofautishi mtu na binamu yake. Sisemi fuvu lile si lake. Nasema leo hakuna mtaalamu angeridhika na rula.

Na kwa kuwa tunazungumzia kuridhika haraka: kutambua marehemu kwa meno ni jambo moja, kumtia mtu hatiani kwa alama ya kung'atwa ni jambo jingine kabisa. Marekani, Ray Krone alihukumiwa mwaka 1992 kwa sababu wataalamu waliapa kwamba alama ya meno kwenye mwili wa mwanamke aliyeuawa ni yake. Vinasaba vilimwachia huru mwaka 2002. Ngozi huvutika, huvimba, hubadilika umbo. Haihifadhi alama kama nta. Msomaji akisikia kesi imejengwa juu ya "alama za meno" pekee, ana haki ya kutia shaka.

Mtu akipotea

Nenda polisi siku hiyohiyo. Ile habari ya kusubiri saa 24 ni ya kwenye sinema. Mwambie pia mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na uhakikishe umepewa namba ya RB, yaani ya taarifa yako pale polisi, kwa sababu kila utakapokwenda, iwe hospitali ya Bombo, KCMC au Muhimbili, utaulizwa namba hiyo.

Beba picha, na uzichague kwa akili. Familia nyingi huleta picha ya pasipoti, mdomo umefungwa, uso umekaza kama wa askari wa zamu. Haina msaada mkubwa. Tafuta ile ya harusini aliyocheka hadi fizi zikaonekana, hata kama ina watu ishirini na imekatwa pembeni. Lete kadhaa, za miaka tofauti. Tahadhari moja: picha ya kujipiga mwenyewe kwa simu mara nyingi hugeuza kulia kuwa kushoto, na pengo linahama upande. Kama kwenye picha kuna maandishi, tuseme ya fulana au bango la duka, usiyakate. Hayo ndiyo yatakayomwonyesha mtaalamu kama picha imegeuzwa.

Beba chochote kilichowahi kugusa meno yake. Bahasha ya eksirei iliyotupwa juu ya kabati. Daftari la hospitali. Meno ya bandia ya zamani aliyoyaacha kwa kuwa yalimbana. Kama kuna jino la utotoni ambalo bibi alilihifadhi badala ya kulirusha juu ya bati, lete nalo, lina vinasaba.

Utaulizwa maswali. Alikuwa anatafunia upande gani? Aliwahi kulala na shavu limevimba, lipi? Alitibiwa wapi, Lushoto, Korogwe, au kwa yule fundi wa meno wa mtaani? Taja wote, hata asiye na leseni. Mtaalamu anatafuta habari, hamtafuti wa kumshtaki. Na kama hukumbuki, sema hukumbuki. Jibu la kubahatisha la "nadhani kushoto" likiandikwa kwenye fomu ya njano linageuka kuwa ukweli, na laweza kumkataa ndugu yako aliyelala pale.

Vikihitajika vinasaba, kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009, na maombi hupitia vyombo vinavyotambulika kisheria kama polisi na mahakama. Mtu hajipelekei mwenyewe. Wanaofaa kutoa sampuli ni mama, baba, na watoto wa marehemu. Mke au mume sampuli yake haimtambulishi mwenzake, kwa kuwa si wa damu moja, ingawa husaidia pale mtoto wao naye anapopimwa. Wazee wenye busara huanza na mama. Maana vipimo hivi vimewahi kufungua milango ambayo familia ilitaka ibaki imefungwa.

Ukimkuta marehemu

Iwe shambani, mtoni au msituni Magamba: usimguse, usimgeuze, usimwoshe, usimfungue mdomo. Simama ulipo, uangalie umepita wapi, urudi njia hiyohiyo. Piga 112 au mtume mtu kwa mwenyekiti. Mbwa na watoto wazuiwe. Kama umeona jino au mfupa pembeni, weka kijiti kando yake. Usiuokote kwa mkono ukaukabidhi polisi ukiwa kwenye mfuko wa rambo, maana mahali ulipokuwa napo ni habari.

Na ile picha unayotaka kuituma kwenye kundi la WhatsApp, acha. Yupo mama Mtae au Mlola atakayeiona kabla hajaambiwa.

Daftari la shilingi mia tano

Katika maafa ya tsunami ya Desemba 2004, Thailand, wageni wengi kutoka Ulaya walitambuliwa mapema kwa meno, kwa kuwa kumbukumbu zao ziliombwa kwa madaktari wao na zikatumwa. Wenyeji wengi, waliokufa nyumbani kwao, walisubiri zaidi. Meno yao hayakuwa na kasoro. Faili ndilo halikuwapo.

Kwetu faili la mgonjwa mara nyingi ni daftari la shule alilonunua dukani nje ya geti, lenye jina lake kwenye jalada na hesabu za mtoto kurasa za nyuma. Langu ninalo. Niling'olewa gego miaka kadhaa iliyopita, kwenye kituo nisichokitaja, na maandishi yake ni mstari mmoja: "Jino limetolewa, apewe panado." Jino lipi? Upande gani? Kama ningeteketea kwenye basi wiki iliyofuata, mstari ule usingemsaidia mtu yeyote. Kuandika "46" kungemgharimu daktari sekunde mbili.

Na gharama ya kutotambuliwa si machozi peke yake. Bila mwili uliotambuliwa, cheti cha kifo cha RITA hukwama, na bila cheti mirathi hukwama, mafao hukwama, shamba la chai au la mboga linabaki na ugomvi. Mjane hajui aanze kukaa eda au aendelee kungoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mwenzi asiyesikika kwa miaka 5 ahesabiwe kuwa amefariki. Miaka 5 ni mtoto kuanzia darasa la kwanza hadi la tano.

Kwa hiyo leo jioni, baada ya kupiga mswaki, mwambie mmoja wa nyumbani akupige picha ukiwa umetanua midomo, meno ya juu na ya chini yote yaonekane, na akae nayo kwenye simu yake, si yako; yako ndiyo utakayosafiri nayo. Wapige na wazee, wapige na watoto, na kwa watoto rudia kila mwaka. Na siku utakapokwenda kung'oa jino, iwe Lushoto, Bumbuli au Korogwe, shikilia shavu lako lakini usiondoke mlangoni kabla namba ya jino haijaandikwa kwenye daftari.